Kuchora Hakuna Desa

Vyuo vimefunguliwa. Ukipita Mlimani jioni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utawakuta vijana wamejaa kwenye vimbweta, na mjadala wao ni ule ule wa kila mwanzo wa muhula: tuchukue opsheno gani? Kozi za lazima hazina mjadala, zile umepangiwa. Hizi za hiari ndizo zinazochambuliwa kama mchele wenye mawe. Mwalimu wake anabana? Mtihani wake unatabirika? Inanyanyua GPA au inaiangusha?

Katikati ya mjadala huo yupo mmoja aliyenyamaza. Anasoma uhasibu, au sheria, au uhandisi. Tangu darasa la nne pembeni mwa daftari lake kumejaa nyuso, mikono, ndege na matairi ya magari. Angependa sana kuchukua kozi ya kuchora kwa wanaoanza, lakini kulisema mbele ya wenzake anaona haya, maana atajibiwa: wewe umetumwa shahada au umetumwa kuchora maua? Na hata asingekuwa na wa kumcheka, ana hofu yake mwenyewe. Anajiambia hana kipaji. Atawekwa pamoja na waliozaliwa na mkono huo, atapata C, na C ile itakaa kwenye cheti chake maisha yote.

Kijana wa namna hiyo ndiye ninayetaka kuzungumza naye jioni hii. Wengine mnakaribishwa kusikiliza, hasa wazazi.

Neno langu kwake ni kwamba hofu anayo, ila ameielekeza kusiko. Anauogopa mkono wake, na mkono haujawahi kumfelisha mtu kozi ya kuchora ya wanaoanza. Kinachowafelisha watu pale ni saa. Nitaeleza, lakini kwanza tuimalize hesabu ya GPA, maana najua bila hiyo hatanisikiliza.

Kwenye vyuo vyetu vingi hapa Tanzania A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2. Kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, na shahada ya miaka mitatu huwa na krediti 360 hivi. Sasa tuseme kozi yako ya kuchora ina krediti 12, na tuseme mambo yamekwenda vibaya ukapata C. Kama kwenye krediti nyingine zote 348 ulikuwa na wastani wa 3.8, utamaliza na 3.74. Ulikuwa daraja la pili la juu, umebaki daraja la pili la juu. Kama ulikuwa na 4.6, utamaliza na 4.51, na daraja lako la kwanza liko pale pale. Ile C uliyodhani itakufuata hadi kaburini imekula sehemu ndogo sana ya pointi.

Basi ni nani wa kuogopa? Ni yule aliye ukingoni. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Mwenye 4.4 kamili kwenye masomo mengine, akipata C moja ya krediti 12, anashuka hadi 4.32, na hapo daraja la kwanza limemponyoka. Vivyo hivyo kwa mwenye 3.5, anayening'inia juu ya daraja la pili la chini. Mfumo wetu una ngazi, na kwenye ngazi aliyesimama katikati ya kidato hata akisukumwa haanguki, ila aliyesimama kwa ncha ya kidole huangushwa na upepo. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama una kipaji, chukua matokeo yako, kaa na kikokotozi, ujue umesimama wapi. Ni kazi ya dakika kumi, na nashangaa ni wangapi hubishana kuhusu GPA muhula mzima bila kuifanya.

Jambo jingine kuhusu hesabu hii: C hiyo hiyo ukiipata mwaka wa kwanza inatisha zaidi kwa macho, kwa sababu krediti zilizohesabiwa bado ni chache. Mwenye 4.4 kwenye krediti zake 108 za mwanzo, akiongeza C ya krediti 12, ataona 4.16 kwenye matokeo ya mwaka na usingizi utakata. Lakini mwisho wa safari, uzito wa kozi ile ni ule ule, uwe uliichukua mwaka wa kwanza au wa tatu. Tofauti ni kwamba wa mwaka wa kwanza ana muda wa kufidia, na wa mwaka wa tatu hana.

Hesabu tuiache hapo. Turudi kwenye saa.

Krediti moja kwa utaratibu wetu ni saa 10 za kazi. Krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki kumi na tano za muhula, unapata saa 8 kila wiki. Kwenye karatasi kozi ya kuchora na kozi ya sera za uchumi zenye krediti sawa zinadai saa sawa. Lakini tuambiane ukweli, nani kati yenu hutumia saa 8 kila wiki kwenye kozi ya mihadhara? Mnaingia, mnasaini, mnatoka. Ikikaribia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, mnatafuta madesa ya waliotangulia, mnapiga kopi, mnakesha siku nne na chai ya rangi, na mnafaulu. Sisemi ni vizuri. Nasema mmezoea, na mmezoea kwa sababu inawezekana.

Kuchora hakuna desa. Hakuna karatasi utakayonunua steshenari ikakuchorea gudulia. Ukiambiwa ulete michoro ishirini uliyochora kwa mkono wako mwenyewe, kila mmoja ukiwa umechukua dakika arobaini, basi ni zaidi ya saa kumi na tatu, na hakuna njia ya mkato kati yako na saa hizo. Usiku mmoja hautoshi. Ukijaribu kuzifanya kwa usiku mmoja, mwalimu ataona. Michoro ya mtu aliyekesha inafanana: mstari umekazwa, vivuli vimepakwa kwa kidole, na kuanzia mchoro wa kumi na mbili gudulia limeanza kuegemea upande mmoja kama linalosinzia lenyewe.

Hapo ndipo watu wazuri wanapopotelea. Wameichukua kozi wakidhani ni ya kupumzisha akili baada ya hisabati. Wiki ya tatu inafika, jaribio la takwimu linawaita, wanasema michoro nitafanya Jumapili. Jumapili wanakwenda harusini. Ikifika wiki ya tisa wanadaiwa michoro kumi na sita, na kazi hizo ndizo alama zenyewe. Mtu huyo akipata C atasema sina kipaji. Hapana bwana, una harusi nyingi.

Sasa niseme kinachofanyika ndani ya darasa lenyewe, maana wengi hawajawahi kuchungulia. Shule zetu nyingi za sekondari hazina somo la sanaa za ufundi, na anayefika chuoni hudhani darasa la kuchora ni mahali ambapo mwalimu anasema choreni mandhari ya kijiji, kisha kila mtu anachora mlima, jua, nyumba ya nyasi na mnazi. Sivyo. Darasa la wanaoanza linaanzia chini kuliko mnavyofikiri. Mistari. Unachora mistari iliyonyooka bila rula, ukurasa mzima, kwa kutumia bega na si kifundo cha mkono. Halafu duara. Halafu unachora mkono wako wa kushoto bila kuangalia karatasi hata mara moja. Jicho linatambaa kwenye ukingo wa kidole taratibu na penseli inalifuata. Kinachotokea kwenye karatasi ni kichekesho, na darasa zima hucheka pamoja, na aibu nyingi huishia pale. Lengo la zoezi ni kulifundisha jicho litembee polepole. Mkono utakuja baadaye.

Kisha kuna zoezi la kuchora nafasi wazi. Kiti kinawekwa mezani, unaambiwa usichore kiti, chora matundu yaliyo kati ya miguu na egemeo lake. Ukiyachora matundu sawasawa, kiti kinajitokeza chenyewe. Kuna ngazi ya vivuli kutoka nyeupe ya karatasi hadi weusi wa penseli ya 6B, visanduku vimepangana, kila kimoja cheusi kidogo kuliko jirani yake. Kuna kuchora barabara na majengo yanayopungua kadiri yanavyokwenda mbali, mistari yote ikikimbilia nukta moja kwenye upeo wa macho. Hilo la mwisho lina kanuni kama hisabati, na wanafunzi wa uhandisi hulimeza kama uji.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Betty Edwards, alitoa mwaka 1979 kitabu kuhusu kufundisha watu wasiojua kuchora, na zoezi lake maarufu ni kunakili mchoro uliogeuzwa kichwa chini. Anatumia picha ya mwanamuziki Stravinsky iliyochorwa na Picasso. Ukiigeuza, huoni tena pua wala goti, unaona mstari unakata kona hapa na kupinda pale, na mtu aliyekula kiapo kwamba hajui kuchora hutoa kitu kinachoshangaza. Maelezo ya Edwards kuhusu upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo yamepingwa sana na wanasayansi, kwa kuwa ubongo haujagawanyika kirahisi hivyo. Lakini zoezi linafanya kazi. Nimeliona likifanya kazi kwa watu wazima waliokuja wakicheka.

Na kuna wanafunzi ambao tayari wana mkono uliofundishwa na hawajui. Nani kati yenu alisoma baiolojia ya kidato cha sita? Mnakumbuka mtihani wa vitendo? Umewekewa panzi au ua la mkunde, chora. Penseli iwe kali. Mstari uwe mmoja usiokatika, usiwe na manyoya. Mchoro uwe mkubwa. Mistari ya majina isikatane. Na lile kosa kuu lililokatwa alama bila huruma: usitie kivuli! Miaka miwili mmefanya hivyo. Mmepima urefu wa mguu wa panzi dhidi ya kiwiliwili chake, mmetazama kabla ya kuchora kwa sababu mwalimu alikuwa anakuja kulinganisha na kielelezo. Huo ni uchoraji. Mtu wa namna hiyo akiingia darasa la wanaoanza ana mstari safi kuliko wengi, na tatizo lake ni moja tu, kwamba hapa kivuli kinatakiwa. Wiki mbili za kwanza penseli yake hukataa kulala. Inataka kusimama wima kama iko maabara. Ikishalala, anakwenda mbio.

Wanaosumbuka ni wengine kabisa, na hapa nitawaudhi baadhi. Ni wale wanaoitwa na mtaa mzima kuwa wana kipaji. Kijana anachora sura za wasanii na wachezaji mpira kutoka kwenye picha ya simu, anaweka mistari ya miraba, ananakili mraba kwa mraba, na anatoa kitu kinachofanana hadi kope. Anapendwa mtandaoni, anachorea watu zawadi za siku ya kuzaliwa. Ni kazi, na ina malipo, siidharau. Lakini akiwekewa chungu, kitambaa na vitunguu viwili mezani, na taa upande mmoja, bila simu, anakwama. Simu imeshamfanyia kazi ngumu: imeibana dunia ikawa bapa. Sasa anatakiwa kuibana mwenyewe. Wengine hukasirika, huacha kuhudhuria, hurudi wiki ya mwisho na sura ya msanii maarufu iliyonakiliwa vizuri sana, na hushangaa kupewa B wakati jirani yake wa uhasibu, ambaye gudulia lake bado linapepesuka, amepewa A.

Kuna sababu ya A hiyo. Darasa la wanaoanza, mahali linapofundishwa vizuri, halipimi ni nani anachora vizuri kuliko nani. Likifanya hivyo halitakuwa la wanaoanza. Linapima kama mazoezi yamefanyika yote, kama daftari la kuchorea limejaa, kama mchoro wa wiki ya kumi na mbili umetoka mbali na ule wa wiki ya kwanza, na kama unaweza kusimama mbele ya kazi yako ukasema ulikuwa unatafuta nini. Ndiyo maana nasema usiitupe michoro yako mibaya ya mwanzo. Iandike tarehe, iweke. Ile ndiyo shahidi wako.

Na lipo jambo la kikao cha kuhakiki. Kazi zote zinabandikwa ukutani, darasa linasimama, kila mmoja anazungumza kuhusu ya mwenzake. Kwa kijana wetu wa Kitanzania, aliyelelewa kutomsema mtu mbele za watu, hiki ni kipindi kigumu kuliko mchoro wowote. Wengi husema "nzuri" na kunyamaza. Wengine siku hiyo huumwa. Vikao hivyo huwa na alama, na alama zake ni rahisi kuliko zote kwa anayehudhuria. Sema unachokiona: kivuli cha chungu kimeangukia upande wa taa. Hujamtukana mtu. Umemsaidia.

Labda nikumbushe kwamba alama kwenye sanaa ya vyuo vyetu zilikuja baadaye. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kampala, alianza kufundisha uchoraji barazani kwake. Darasa lile lilihamia Makerere, na mwanzoni lilikuwa jambo la ziada, la wanafunzi waliokuja kusomea mambo mengine. Baadaye ndipo likawa shule kamili ya sanaa yenye mitihani na stashahada, na hadi leo shule ile inabeba jina lake. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alipita mikononi mwa mama yule, akaenda shule ya sanaa ya Slade kule London, akafundisha Makerere, na uhuru ulipokuja mwaka 1961 akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Mchoro wake mmoja wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku umo kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Gregory Maloba, Mkenya, mwanafunzi mwingine wa Trowell, ndiye aliyechonga mnara wa uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Sidai kwamba ukichukua opsheno ya kuchora utakuwa balozi. Ninachosema ni kwamba wakati darasa linaanza hakuna aliyekuwa anauliza GPA, na watu walifanya kazi.

Wamarekani waliitazama hofu hii ya alama na wakatafuta dawa rasmi. Mwaka 1968 MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, kilianza kujaribu utaratibu wa kutowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza herufi za alama: umefaulu, au hukufaulu. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Brown, kwenye mji wa Providence, kilibadili mtaala wake kufuatia shinikizo la wanafunzi. Pale mwanafunzi anaweza kuchagua kozi aifanye kwa herufi au kwa kuridhisha tu, anayefeli haonekani kwenye karatasi inayotolewa nje, na chuo hakikokotoi GPA kabisa. Jirani yao kabisa, mlimani papo hapo, kuna shule kongwe ya sanaa na ubunifu, RISD, iliyoanzishwa 1877, na wanafunzi wa Brown wanaruhusiwa kuvuka kwenda kuchukua masomo huko. Vyuo vingi vya Marekani sasa vina chaguo la kufaulu-kufeli kwa kozi chache, ingawa kila kimoja kina masharti yake, na kwa kawaida huwezi kulitumia kwa masomo ya fani yako kuu.

Kwa watoto wetu walioko huko, nina mambo mawili. Kwanza, kuna kitu huko kinaitwa kuhudhuria bila krediti: unakaa darasani, unajifunza, hupati alama. Kinavutia, lakini mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anatakiwa awe na mzigo kamili, ambao kwa shahada ya kwanza huwa krediti 12 kwa muhula, na kozi ya namna hiyo haihesabiwi humo. Hakikisha zile 12 zimetimia bila kuchora, kisha ndiyo uongeze. Tena kumbuka kozi za studio huko mara nyingi hukutana kwa saa karibu mara mbili ya kozi ya mihadhara yenye krediti zilezile. Pili, mnaotaka udaktari: mfumo wa pamoja wa maombi wa vyuo vya tiba vya Marekani hukokotoa wastani wa jumla, na pia wastani wa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Kozi ya kuchora haiingii kwenye huo wa pili. Mwambieni baba, huenda akapumua.

Sisi hapa nyumbani kwa kawaida hatuna chaguo la kufaulu-kufeli. Kozi ukisajili, alama yake inaingia. Kwa aliye ukingoni basi, ushauri wangu ni asisajili. Amfuate mwalimu wa kozi, amwombe kwa adabu akae nyuma ya darasa. Wapo walimu wanaokubali, hasa ukija na daftari lako na usipochukua nafasi ya aliyesajiliwa. Au ajifunzie nje ya chuo. Dar es Salaam ina Nafasi Art Space kule Mikocheni, tangu 2008, mahali penye studio za wasanii na mafunzo ya mara kwa mara. Oysterbay, pale Morogoro Stores, wapo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga, ambao mtindo wao ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga miaka ya mwisho ya 1960 na umekuwa ukirithishwa kwa kukaa kando ya anayejua. Huko utajifunza rangi ya mafuta na ujasiri wa mstari. Vivuli na umbali hutajifunza, kwa sababu mtindo wenyewe hauvihitaji, na wala hausumbuliwi na jambo hilo.

Lakini kama hauko ukingoni, mimi nasema sajili. Chukua kwa alama. Najua wapo wanaoona sanaa ikishawekwa alama imeharibika, na Makerere ile ya barazani inawaunga mkono. Wanafunzi wa leo, hata hivyo, wana simu, wana biashara ndogondogo, wana vikundi vya WhatsApp vinavyolia usiku kucha. Kozi isiyo na alama ndiyo ya kwanza kukatwa ratiba ikibana. Nimewaona wengi wenye nia njema wakija wiki mbili, tatu, kisha ubao wao wa kuchorea unabaki umeegemea ukutani na wao hawaonekani tena. Alama ni kamba. Inakuuma kidogo, lakini inakurudisha darasani siku ya Alhamisi ambayo hukutaka kwenda.

Ukiamua kusajili, usichague muhula wenye kozi mbili za hesabu na mafunzo kwa vitendo yanayokungoja. Wiki ya kwanza muulize mwalimu alama za kazi za darasani ni kiasi gani na za mtihani wa mwisho ni kiasi gani, kwa sababu kwenye kozi nyingi ni 40 kwa 60 lakini za studio zinaweza kugawanywa vingine. Muulize kama michoro iliyochelewa inapokelewa. Muulize siku ya mwisho ya kubadili kozi kwenye mfumo wa usajili, uiandike mahali, kwa sababu ikipita hiyo huna mlango. Na jipangie saa, saa halisi zenye siku na jina: Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi nachora. Ukipewa mwaliko wa harusi Jumamosi asubuhi, harusi nyingi zina sherehe jioni, utawahi.

Vifaa havitishi kama watu wanavyodai. Penseli tatu zinatosha kuanzia: HB, 2B na 6B. Raba laini. Karatasi za bei nafuu kwa mazoezi, na manila nzuri kwa zile chache za kuwasilisha. Makaa ya kuchorea ni vijiti vyembamba vilivyochomwa polepole. Ya jikoni mama ntilie atakupa bure, lakini yanakwaruza karatasi na yana mchanga. Na michoro ya makaa ukiibeba hivihivi kwenye daladala hadi chuoni, itafika kwa mwalimu ikiwa wingu la kijivu, na utaanza kueleza kwamba hapo palikuwa na chungu. Kuna dawa ya kupuliza inayoshika unga wa makaa usifutike. Ukiikosa, wanafunzi wengi hutumia ile ya kupuliza nywele ya saluni, kwa mbali, mikono miwili kutoka kwenye karatasi, tena nje, si chumbani hosteli na wenzako wamelala. Jaribu kwanza kwenye mchoro usioupenda. Weka karatasi nyingine juu yake, funga kwenye jalada gumu, na uwasilishe siku iliyotajwa.